Haki ya Mtu Usiyempenda

Twawaomba radhi wasomaji wetu. Darsa ya mwezi huu ilikuwa iwe juu ya mirathi, nayo iko tayari, lakini tumeiakhirisha kwa sababu ya karatasi moja iliyoletwa barazani usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya sala ya Isha.

Karatasi hiyo ilipigwa chapa vizuri, na Kiswahili chake kilikuwa safi. Iliwaomba wakubwa wa serikali wauzuie mkutano ambao wahubiri wa imani isiyo yetu walikusudia kuufanya katika kiwanja kilicho karibu na soko. Hujja zake zilikuwa tatu: kwamba maneno ya watu hao yatawaudhi wenyeji, kwamba mji huu ni wa Waislamu tangu zama za wazee wetu, na kwamba vijana wetu huenda wakapotezwa. Chini yake paliachwa nafasi ya saini, na saini 17 zilikuwa zimekwisha tiwa, baadhi yake za watu ninaowaheshimu mno. Nikapewa karatasi pamoja na kalamu.

Sitaficha jambo: kalamu niliishika. Hayo wanayoyahubiri watu hao siyapendi hata chembe, na lau ningeulizwa wakati ule kama ni kheri wasije, ningejibu kwamba ni kheri wasije. Kilichonizuia si wema wangu, bali ni neno moja katika karatasi ile, neno “kuudhi”. Neno hilo nililijua. Miaka michache iliyopita sisi wenyewe tulikatazwa kiwanja hicho hicho, na barua tuliyoletewa ilisema kwamba darsa zetu zawaudhi watu. Na waliotushitaki hawakuwa watu wa dini nyingine. Walikuwa Waislamu wenzetu, waliokasirishwa na tuliyoyasema juu ya mabidaa. Siku ile tulilalamika sana, tukasema kwamba tumedhulumiwa, na kwamba katika nchi yenye katiba mtu hazuiwi kusema kwa sababu tu kuna asiyetaka kusikia. Basi nikaiweka kalamu chini, nikaomba nipewe muda. Ndugu wawili waliondoka barazani bila ya kuniaga. Darsa hii naiandika kwa ajili yao kabla ya mtu mwingine yeyote.

Nitaanza na mfano wa mbali, nao ni wa Marekani. Nimeuchagua wa mbali kwa makusudi, ili tuutazame pasi na hasira, kwa kuwa katika kisa hiki hakuna aliye jamaa yetu wala adui yetu.

Katika jimbo la Pennsylvania kuna mji mdogo uitwao Minersville, mji wa wachimba makaa. Mwaka 1935 ilikuwa ada ya skuli za huko kuianza siku kwa watoto kusimama mbele ya bendera ya taifa, wakanyosha mkono na kusoma kwa pamoja maneno ya kiapo cha utiifu. Walikuwako watoto wawili, Lillian Gobitas mwenye umri wa miaka 12 na nduguye William mwenye miaka 10, ambao wazee wao walikuwa katika Mashahidi wa Yehova. Dhehebu hilo laitakidi kwamba kuisalimu bendera ni namna ya kuisujudia sanamu. Watoto wakasimama kimya na mikono yao chini. Hawakumtukana mtu wala hawakuichana bendera. Wakafukuzwa skuli, na duka la baba yao likasuswa na watu wa mji.

Yafaa ijulikane kwamba Mashahidi wa Yehova hawakupendwa Marekani zama hizo, na sababu zilikuwako. Walikuwa wakibisha hodi milango ya watu bila ya kualikwa. Walizunguka mitaani na santuri zenye maneno makali juu ya Kanisa la Katoliki na juu ya makanisa mengineyo. Walikataa kwenda vitani. Mtu aliyewachukia hakuwa lazima awe mtu mwovu. Huenda alikuwa mtu wa kawaida aliyechoka kuamshwa Jumapili asubuhi. Natumai kila msomaji amepata picha.

Baba wa watoto akenda mahakamani. Akashinda mahakama ya kwanza, akashinda na ya rufani. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 3 Juni 1940 majaji wanane kwa mmoja wakahukumu kwamba skuli ilikuwa na haki ya kuwafukuza. Jaji Felix Frankfurter, aliyeiandika hukumu hiyo, alisema kwa jumla kwamba umoja wa taifa ni msingi wa usalama wake, na kwamba si kazi ya mahakama kuwaingilia wenye skuli katika njia waliyoiona yafaa ya kuupandikiza umoja huo katika nyoyo za watoto. Aliyekhitilafiana nao alikuwa mmoja tu, Jaji Harlan Stone.

Tuzingatie wakati. Mwezi ule majeshi ya Hitler yalikuwa yakiingia Ufaransa, na Wamarekani walikuwa na khofu. Na mtu mwenye khofu, akiambiwa na mahakama kubwa kuliko zote kwamba fulani si lazima alindwe, huelewa zaidi ya alichoambiwa. Hazikupita siku saba ila watu wa Kennebunk katika jimbo la Maine waliichoma moto nyumba ya ibada ya Mashahidi. Mwezi ule ule, katika mji wa Richwood, jimbo la West Virginia, naibu wa mkuu wa polisi pamoja na kundi la watu waliwakamata Mashahidi, wakawanywesha mafuta ya mbarika kwa nguvu, wakawafunga kamba moja, wakawatembeza mjini na kuwatoa nje kama ng’ombe. Majaji hawakuamuru lolote katika hayo. Lakini walikuwa wamekwisha utoa mlango katika bawaba zake.

Na liko jambo la aibu zaidi. Wakati huo huo, katika Ujerumani, Mashahidi wa Yehova walikuwa wakitiwa katika kambi za mateso kwa kukataa kumwamkia Hitler kwa mkono ulionyoshwa. Huko walivishwa alama ya pembetatu ya rangi ya zambarau. Na saluti ya bendera ya Marekani zama zile ilikuwa mkono ulionyoshwa vivyo hivyo. Mtoto wa Minersville alilazimishwa ishara ile ile ambayo mwenziwe wa Berlin aliteswa kwa kuikataa.

Baadhi ya majaji walianza kuona haya. Mwaka 1942 watatu katika wale wanane walitamka wazi katika hukumu ya kesi nyingine kwamba walikosea. Si jambo dogo jaji kusema, mbele ya nchi nzima, kuwa amekosea. Mwaka huo huo wenye skuli wa West Virginia waliamuru watoto wote waisalimu bendera, na dada wawili, Gathie na Marie Barnett, wakafukuzwa. Kesi yao ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 14 Juni 1943, siku ambayo Wamarekani huiadhimisha bendera yao, majaji sita kwa watatu wakaipindua hukumu ya miaka mitatu nyuma.

Aliyeandika safari hii ni Jaji Robert Jackson, ambaye mwaka 1945 alikuwa mshitaki mkuu wa Marekani katika kesi za wakubwa wa Hitler huko Nuremberg. Maana ya aliyoyasema ni hii: yako mambo yaliyoondolewa katika kura makusudi, ili walio wengi wasiyafikie, haki ya mtu ya kuabudu, kusema na kukusanyika haingojei matokeo ya uchaguzi. Na hapana mtumishi wa serikali, mkubwa wala mdogo, awezaye kuwapangia raia lipi liwe sawa katika siasa, uzalendo au dini, kisha awalazimishe kulikiri kwa ndimi zao. Akasema pia kwamba wanaoanza kwa kuwanyamazisha wapinzani huishia kuwamaliza wapinzani wenyewe, na umoja wanaoupata ni umoja wa makaburini.

Ni haki tumtaje na Frankfurter, aliyebaki na rai yake ya kwanza. Alikuwa Myahudi, na akaanza kwa kukumbusha kwamba yeye ni katika watu walioteswa kuliko wote, kwa hivyo aijua thamani ya uhuru. Lakini aliona jaji hana ruhusa ya kuyageuza mapenzi ya moyo wake kuwa sheria. Hiyo ni hujja ya mtu mkweli, na wanaopenda uhuru yawapasa waijue. Mimi naiona dhaifu kwa sababu moja: wenye skuli wakimdhulumu mtoto wa kundi dogo, lisiloweza kushinda uchaguzi, na mahakama isiseme neno, mtoto huyo atakwenda kwa nani?

Tena mtu asidhani nawafanya Wamarekani kuwa walimu wetu. Mwaka ule ule wa 1943 zaidi ya watu 100,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa, walikuwa wamezuiliwa kambini bila ya kesi, na mwaka 1944 mahakama ile ile iliikubali dhulma hiyo. Jackson alikuwa katika watatu walioikataa. Na watu weusi wa nchi ile walikuwa bado wakingoja haki zilizo wazi kuliko hizo.

Najua sasa yuko msomaji anayesema: hayo ni ya Wamarekani na bendera yao, sisi yatuhusu nini? Basi tufungue tarikhi yetu wenyewe.

Mwaka 218 wa Hijra, ambao ni mwaka 833, Khalifa Maamun alimwandikia liwali wake wa Baghdad awakusanye makadhi na maulamaa, amuulize kila mmoja kama anakiri kwamba Qur’ani imeumbwa. Asiyekiri haachwi katika kazi yake. Hiyo ilikuwa rai ya Mu’tazila, nao hawakuwa wajinga; walikuwa watu waliojivunia akili na uadilifu. Walikuwa na hujja, na hujja ingaliweza kujibiwa kwa hujja. Lakini walipoipata dola hawakuridhika na kuhojiana. Walitaka kila ulimi ulitamke neno lao. Maulamaa wengi walilitamka kwa khofu. Imamu Ahmad bin Hanbal na Muhammad bin Nuh walikataa, wakafungwa minyororo wakapelekwa kwa Khalifa. Khalifa akafa kabla hawajafika, na Muhammad bin Nuh akafa wakiwa katika kurejeshwa Baghdad. Imamu Ahmad akatiwa gerezani, na katika zama za Mu’tasim akapigwa mijeledi hata akazirai. Miaka ilipita mpaka Khalifa Mutawakkil alipoikomesha mihna hiyo.

Kisa hiki sote tumefundishwa tungali wadogo, na tumefundishwa kukisoma kwa fakhari: Imamu alisimama, na haki ikashinda. Lakini huwa twakifunga kitabu mapema. Baada ya hayo walio chini wakawa juu. Imamu Muhammad bin Jarir al-Tabari, mwenye tafsiri kubwa na mwenye tarikhi kubwa, alikufa Baghdad mwaka 310 wa Hijra, yaani 923. Wanahistoria wanasimulia kwamba katika siku zake za mwisho Mahanbali walighadhibika naye, wakawazuia watu wasiingie kwake kusoma. Na husimuliwa kwamba mawe yalirundikana mlangoni pake, na kwamba alizikwa nyumbani mwake usiku kwa kuchelea ghasia. Hawa walikuwa wafuasi wa Imamu aliyepigwa mijeledi kwa kukataa kulazimishwa. Haikuwa imepita hata miaka 80 tangu mihna ikomeshwe. Sitaji haya kwa kuwadharau Mahanbali, na wengine katika sisi twawapenda mno. Nayataja kwa kuwa tuliokatazwa kiwanja juzi ndio tulioshika kalamu leo.

Wanazuoni wa siasa wameupima ugonjwa huu. Mwaka 1954 Samuel Stouffer, wa chuo kikuu cha Harvard, aliwafanya maelfu ya Wamarekani waulizwe kama mtu aliyekiri kuwa mkomunisti aachiwe kuhutubia katika mji wao. Waliokubali walikuwa takriban 27 katika kila 100. Kwa mtu wa kupinga makanisa na dini walikubali kama 37. Kisha mwaka 1960 wakatoka wengine wawili, Prothro na Grigg, waliowauliza watu wa miji miwili maswali ya namna mbili. Waliulizwa kwanza kama walio wachache wawe na haki ya kuutetea upande wao, na karibu wote wakajibu ndiyo. Kisha waliulizwa juu ya mkomunisti kuhutubia, au mtu mweusi kugombea cheo katika mji, na ule umoja ukavunjika. Mtu akiulizwa juu ya uhuru kwa jumla huwa mkarimu. Akitajiwa jina, mkono hukunjika.

Hapa pafaa tulifafanue neno lenyewe. Uvumilivu wa siasa si mapenzi, wala si kuona kwamba dini zote ni sawa. Asiyekichukia kitu hana cha kuvumilia. Mwenye kusema, “Mimi nawavumilia watu wa Lamu,” naye awapenda watu wa Lamu, hakusema kitu. Mvumilivu ni yule anayeyaona maneno ya mwenziwe kuwa upotofu, akayajibu, akawatahadharisha wanawe, na pamoja na hayo asimwombe askari amzibe mwenziwe mdomo.

Mfano mgumu kuliko wote niujuao ni wa Skokie, mji mdogo ulio kaskazini ya Chicago. Zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa Mayahudi, na miongoni mwao maelfu kadhaa ni watu waliotoka wazima katika kambi za Hitler. Mwaka 1977 kikundi kidogo cha wafuasi wa Hitler, chini ya mtu aitwaye Frank Collin, kilitaka kuandamana huko na sare na alama zao. Wakubwa wa mji wakatunga kanuni za kuwazuia. Waliokwenda mahakamani kuitetea haki ya kikundi hicho ni Chama cha Uhuru wa Raia cha Marekani. Wakili wao, David Goldberger, alikuwa Myahudi, na mkuu wa chama, Aryeh Neier, alizaliwa Berlin mwaka 1937 katika ukoo wa Kiyahudi uliomkimbia Hitler. Maelfu ya wanachama walijitoa kwa ghadhabu. Mahakama zikazibatilisha kanuni zile. Mwishowe kikundi hakikwenda Skokie. Kilifanya mikutano yake Chicago mwaka 1978, kikiwa kidogo mbele ya umati uliokizomea. Na wale wazee wa Skokie wakaona kwamba kunyamaza kwao juu ya yaliyowapata kumewapa wengine nafasi ya kusema. Wakaunda taasisi ya kuwasomesha watoto tarikhi hiyo, na mwaka 2009 likafunguliwa hapo Skokie jumba kubwa la makumbusho.

Mimi sina yakini kwamba Wamarekani waliuweka mpaka mahala pake katika kesi hiyo. Wajerumani, wenye sababu zao, huzikataza alama za Hitler kwa sheria. Katiba yetu ya 2010 nayo haikufuata mkondo wa Skokie: kifungu cha 33 chatoa uhuru wa kusema, kisha chasema kwamba uhuru huo haufiki katika kuchochea vita, kuchochea fujo, wala maneno ya chuki. Mpaka huo naukubali. Lakini nawaomba ndugu zangu waangalie uko wapi. Uko katika kuchochea watu wadhuriwe; hauko katika kuudhi. Mwenye kusema, “Itikadi yenu ni batili,” ameudhi. Mwenye kusema, “Wachomeeni nyumba zao,” amechochea. Tukiuvuta mpaka mpaka kwenye kuudhi, sisi ndio wa kwanza kuwa nje yake, kwani ni darsa gani yetu isiyomuudhi mtu?

Na watu wa pwani hawahitaji kwenda Marekani kuyajua haya. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudishwa, Chama cha Kiislamu cha Kenya, IPK, kilinyimwa usajili, na barabara za Mombasa ziliyaona yaliyofuata. Mpaka 1997 mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya serikali; tangu hapo sheria yataka tu polisi wapewe khabari siku tatu kabla, na khabari si ombi. Tofauti hiyo ililipiwa kwa vilio na damu, na leo twatembea juu yake bila ya kuikumbuka. Mwaka 2010 kundi la MRC, lililodai pwani ijitenge, lilitiwa katika orodha ya makundi ya wahalifu. Wengi katika sisi hatukuwa pamoja nao, mimi sikuwa. Lakini Julai 2012 Mahakama Kuu ya Mombasa iliiondoa marufuku hiyo kwa kuwa yapingana na Katiba, na nawakumbuka watu walioicheka MRC barazani wakifurahi siku ile, kwa sababu walijua orodha ile ina nafasi ya majina mengine. Aprili 2014 maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, waliokotwa Eastleigh na kuwekwa katika uwanja wa Kasarani. Mwisho wa mwaka huo ikapitishwa sheria ya usalama iliyogusa uhuru wa kila raia, na Februari 2015 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vyake vinane. Waliokwenda kuipinga walikuwa muungano wa vyama vya upinzani na watu wa haki za binadamu, na wengi katika mawakili wale si Waislamu. Hawakutuuliza kwanza kama dini yetu yawapendeza.

Haya yote niliyasema barazani Jumanne iliyofuata, kwa maneno machache kuliko haya. Mzee mmoja, ambaye umri wake watosha kuwa baba yangu, akaniuliza: “Mwanangu, na wakimtukana Mtume pale kiwanjani? Nawe utakaa na katiba yako?” Swali hilo halikuwa la ukaidi, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia: “Mzee wangu, moyo wangu utaungua kama wako. Wakichochea watu, twende polisi mimi na wewe, na sheria iko. Wakinena upumbavu, kesho yake tupande sisi pale pale tuwajibu. Lakini tukiwazuia leo kwa kuwakisia watakayoyasema, aliyetuzuia sisi mwaka ule alikuwa na haki, na barua yetu ya malalamiko yatupasa tukairudishe.” Hakunijibu. Alikaa kitambo, akaomba kahawa.

Sidai kwamba alikubali. Katika wale 17, watatu wamenijia faragha wakataka majina yao yafutwe. Mmoja amesema ataniombea dua niongoke. Waliobaki hawajasema kitu. Karatasi iko kwa katibu, ndani ya daftari la mahudhurio, na haijapelekwa popote. Mkutano wa wale wahubiri ni Jumamosi baada ya alasiri. Sisi tumewapa polisi khabari ya mkutano wetu Jumapili, mahala pale pale na saa ile ile, na ndugu wawili walioondoka bila ya kuniaga wameombwa wafungue maneno. Mmoja amekwisha kubali. Darsa ya mirathi itatoka mwezi ujao inshallah, na wenye maswali juu ya fungu la mama wayalete kabla.